SMART, KPI au OKR: timu yako ipangiwe malengo kwa mtindo gani?

Inapokaribia Juni kwa taasisi zinazofuata mwaka wa fedha wa serikali, au Desemba kwa zile za mwaka wa kalenda, mameneja hupokea barua pepe ileile: kila idara iwasilishe malengo ya timu. Wengi hufungua faili la mwaka jana, hubadilisha tarehe, huongeza asilimia kumi, hutuma. Anayetaka kufanya vizuri zaidi ya hapo hukutana na herufi: SMART (sifa tano za lengo zuri), KPI (viashiria vikuu vya utendaji), OKR (lengo na matokeo yake makuu). Kila mshauri ana zake, na anakuapia kwamba za mwenzake zimepitwa na wakati.

Nitazilinganisha zote tatu kwa kuziweka kwenye timu moja, zionekane zikiwa kazini. Msimamo wangu nautanguliza kabisa: ukubwa wa ofisi na sekta yake havina uzito mkubwa kwenye uchaguzi huu. Chenye uzito ni swali ambalo viongozi wa timu hawapendi kuulizwa. Mtu akikosa lengo kwako, anafanywa nini?

Timu yenyewe ni hii: tawi la taasisi ya mikopo midogo, tuseme liko Mbagala, lenye maofisa mikopo sita na meneja wao. Kila afisa ana wateja wake: mama lishe, wenye genge, mafundi cherehani, bodaboda. Anasajili vikundi, anakagua biashara, anapeleka maombi, anafuatilia marejesho. Nimeichagua kazi hii kwa sababu namba zake zinagombana. Ukisukuma mikopo mingi itoke haraka, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, nayo huongezeka miezi michache baadaye. Benki Kuu ya Tanzania huitazama namba hiyo ya pili kwa jicho kali, na kwa mabenki kiwango kinachovumilika ni asilimia 5. Kwa hiyo meneja wa tawi analala na namba mbili, moja inamwambia akopeshe, nyingine inamwambia angoje.

SMART: ahadi yenye mwenyewe

Herufi hizi zilichapishwa Novemba 1981 na George T. Doran, mshauri wa uongozi wa Marekani, katika makala fupi kwa ajili ya mameneja. Alitaka lengo liwe mahususi (specific), lipimike (measurable), liwe na mtu wa kulibeba (assignable), liwezekane kwa rasilimali zilizopo (realistic), na liwe na tarehe (time-related). Ile ya tatu siku hizi hufundishwa kwenye semina nyingi kuwa “lifikike” (achievable), na hapo ndipo hasara ilipoingia. Kufikika na kuwezekana ni jambo moja lililotajwa mara mbili, na swali la nani anawajibika limetoweka. Ndiyo maana unakuta malengo ya idara yamepangwa vizuri kwenye slaidi, yana asilimia na tarehe, na hakuna hata mmoja ofisini anayeyaita yake.

Pale tawini, lengo bovu ni “kuboresha ukusanyaji wa marejesho”. Lililonyooka ni hili: hadi 31 Desemba, afisa wa eneo la soko awe amepunguza mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 kutoka asilimia 9 hadi 6 ya mikopo yote anayoisimamia. Mlinzi wa getini akisomewa sentensi hiyo tarehe 1 Januari pamoja na ripoti, ataweza kusema limefikiwa au halijafikiwa.

Nguvu ya SMART iko kwenye mambo yenye uzito wa kiutumishi: kuthibitishwa kazini, kupanda daraja, kuongezewa mkataba. Katika utumishi wa umma Tanzania, OPRAS (mfumo wa wazi wa kutathmini utendaji) iliyoanza mwaka 2004 ilijengwa juu ya fikra hiyohiyo. Mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati, wayapime mwishoni. Kabla yake bosi alikujazia fomu ya tathmini kwa siri nawe usijue ameandika nini, kwa hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini aliyekaa ofisi za umma anaijua pia ile fomu iliyojazwa yote kwa mkupuo mmoja mwezi Juni, malengo yakiandikwa baada ya kazi kwisha, yakafanana na kazi kwa ukamilifu wa kustaajabisha. PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ulioirithi OPRAS, umekuja na dai kwamba kazi ziingizwe na kuhuishwa mwaka mzima, badala ya kungoja mwisho.

Udhaifu wa SMART ni kuganda. Mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa kwenye maeneo waliyotengewa. Fikiria afisa mikopo ambaye wateja wake wote walikuwa na meza kwenye barabara hizo, na lengo lake lilisainiwa Januari. Ifikapo Oktoba, lengo bado ni mahususi, bado linapimika, bado lina tarehe. Halina maana tena, basi. Ukitumia SMART, andika mapema kwenye ukurasa uleule ni mabadiliko gani yatakayowaruhusu kulifungua upya, la sivyo utakuwa unamhukumu mtu kwa hali ya mji.

KPI: namba isiyolala

Hapa watu huchanganya. KPI si lengo la robo mwaka wala la mwaka. Ni kama kipimo cha presha: unakiangalia leo, kesho na mwakani, na unachotaka ni kisipite mstari fulani. Tawi letu lingekuwa na viashiria vinne hivi: kiasi kilichokopeshwa mwezi huu, asilimia ya mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, idadi ya wateja hai kwa kila afisa, na siku zinazopita tangu ombi hadi pesa kuingia kwenye simu ya mteja. Asubuhi meneja anafungua mfumo, anaona rangi, anajua ampigie nani.

Kwa kazi inayojirudia hakuna kinachoishinda KPI. Dirisha la huduma kwa wateja, bohari, maabara ya hospitali, usambazaji wa bidhaa, wote hawa wakipewa OKR watapoteza muda kutunga maneno mazuri ilhali kazi yao inahitaji namba tatu tu zisimamiwe bila kuchoka.

Shida inaanza siku namba inapofungwa kwenye mshahara. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliliona mwaka 1975 kwenye sera za fedha: uhusiano wa kitakwimu uliouona ukiwa mtazamaji huelekea kuvunjika pale unapoanza kuushinikiza. Maofisa mikopo hawahitaji kumsoma. Afisa anayebanwa na kiashiria cha siku 30 anajua la kufanya siku ya 29: anamkopesha mteja upya ili mkopo mpya ulipe wa zamani. Kwenye skrini mteja amelipa, amekopa tena, tawi linang'aa kijani. Mtaani mama wa watu ana deni kubwa kuliko la mwanzo na hana mtaji. Wapo hata wanaolipa rejesho la mteja kwa pesa zao mfukoni ili tu mwezi ufungwe salama, halafu wanamdai wao wenyewe jioni. Jina la “kausha damu”, ambalo mtaani huitwa mikopo ya aina hii inayonyonya, halikushuka kutoka mbinguni.

Kwa kiwango kikubwa, Wells Fargo ya Marekani ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Wafanyakazi wa matawi walisukumwa kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Septemba 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, baada ya kubainika takriban akaunti milioni 2 zilizoshukiwa kufunguliwa bila idhini ya wateja, na watu wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa kazi. Ukitazama namba peke yake, miaka yote hiyo zilipendeza.

Dawa ipo na ni rahisi, sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Andy Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, alishauri viashiria viwekwe viwiliviwili, kila kimoja na mpinzani wake. Kiasi kilichokopeshwa kikae na mikopo iliyochelewa. Kasi ya kuidhinisha ikae na idadi ya mafaili yaliyorudishwa na wakaguzi. Mtu akitaka kudanganya moja, nyingine inamsema.

OKR: kusogeza kitu kimoja

OKR ni mtoto wa fikra za Peter Drucker, mwandishi wa masuala ya uongozi, ambaye mwaka 1954 alieleza uongozi kwa njia ya malengo. Grove aliichukua, akaifinyanga upya pale Intel miaka ya 1970. John Doerr, aliyejifunzia hapo, akaipeleka Google mwaka 1999, kampuni ikiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Muundo wake ni mfupi: lengo moja lililosemwa kwa maneno ya watu, na chini yake matokeo matatu au manne yenye namba, kwa robo mwaka.

Kwa tawi letu ningeandika hivi.

Lengo: wateja wa soko warudi kukopa kwetu bila kufuatwa.
Matokeo ya kwanza: kati ya wateja 10 wanaomaliza mkopo, wanaorudi ndani ya siku 30 wapande kutoka 4 hadi 7.
Matokeo ya pili: mkopo wa marudio utoke ndani ya siku 2 badala ya 5.
Matokeo ya tatu: angalau nusu ya wateja wapya waletwe na wateja wa zamani.

Angalia kilichokosekana: hakuna “kufanya mikutano 10 na viongozi wa soko”. Mkutano ni kazi. Hii ndiyo sehemu inayozishinda timu nyingi, hasa zilizozoea mipango kazi ya wafadhili ambamo warsha zilizofanyika huhesabiwa kama mafanikio. Jaribio dogo: uliza, “tukifanya hili lote na mteja asione tofauti yoyote, tutakuwa tumefaulu?” Ikiwa jibu kwa mujibu wa karatasi ni ndiyo, umeandika orodha ya shughuli.

Kingine cha kutazama ni yale matokeo ya pili. Siku 5 hizo nyingi ziko makao makuu, kwa watu wa kuidhinisha. Tawi haliwezi kujiwekea lengo la kuwaharakisha watu lisiowaongoza, ila kama mkuu wa mikopo naye ameliweka kwake robo hiyohiyo. OKR zinapaswa kuonekana na kila idara kwa sababu hii, na ofisi ambako idara zinafichana mipango zitaishia na malengo mazuri yanayokwama mezani kwa mtu mwingine.

Kisha alama. Google hupima kila matokeo kwa alama kutoka 0 hadi 1, na kwa malengo ya kujinyoosha, yaani yaliyowekwa juu kuliko timu ilivyozoea kufikia, 0.6 hadi 0.7 huhesabiwa kuwa vizuri. Anayepata 1 kila robo anaambiwa malengo yake ni mepesi. Sasa hapo ndipo mfumo huu unapogongana na ofisi zetu nyingi. Tumekulia shuleni ambako 70 ni 70 na anayeipata anaulizwa 30 nyingine ameziacha wapi. Bosi anayeona 0.7 na kuuliza “kwa nini umeshindwa” ameshaua OKR siku hiyohiyo. Robo inayofuata maofisa watamletea malengo wanayoyajua watayafikisha, yamevikwa lugha ya kujinyoosha, na mtakuwa mmerudi kwenye lile faili la mwaka jana lenye tarehe mpya.

Kwa kifupi, kabla hatujaendelea:

| | SMART | KPI | OKR |
|---|---|---|---|
| Swali inalojibu | Nani atafanya nini, hadi lini? | Kazi ya kila siku iko sawa? | Tunataka kubadilisha nini? |
| Muda wake | Miezi 6 hadi 12 | Daima | Robo mwaka |
| Mbebaji | Mtu mmoja | Mwenye mchakato | Timu nzima |
| Kukosa maana yake | Ahadi haikutimia | Kuna kitu kimeharibika, kakague | Tumejifunza umbali tuliobakiza |
| Inavyochakaa | Inaganda | Inachezewa | Inageuka mapambo |

Wapangiwe au wajipangie?

Semina nyingi hukwambia timu ijipangie yenyewe, ndipo iyapende malengo yake. Utafiti haukunyooka hivyo. Watafiti Gary Latham na Miriam Erez walikuwa na matokeo yanayopingana kuhusu jambo hili, mmoja akiona kushirikishwa hakuongezi kitu, mwingine akiona kunaongeza sana. Badala ya kurushiana makala, wakaandaa majaribio pamoja, mtafiti mwenzao Edwin Locke akiwa mpatanishi, na wakachapisha mwaka 1988. Tofauti kubwa ilitokana na namna ya kupanga: lengo lililotolewa kwa amri kavu lilifanya vibaya, lililotolewa pamoja na sababu zake lilikaribiana na lile la kujipangia. Meneja wa tawi aliyepewa namba na makao makuu hana haja ya kuigiza mkutano wa kushirikisha ilhali namba imeshaamuliwa. Watu wazima huligundua igizo hilo dakika ya kwanza. Aseme namba imetoka wapi, kwa nini ni hiyo, na ni wapi wana nafasi ya kuamua.

Latham ana jaribio jingine ninalolipenda zaidi, la madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, lililochapishwa mwaka 1975. Madereva walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Wakaombwa wafikishe 94. Hakuna nyongeza ya mshahara, na wakaambiwa wazi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kukosa. Mwezi wa kwanza wakapanda hadi karibu 80. Mwezi wa pili wakashuka hadi 70 hivi. Kwa maelezo ya watafiti, madereva walikuwa wanawajaribu wakubwa: tukishuka, ile ahadi ya kutoadhibu itasimama? Ilisimama. Wakapanda hadi karibu 90 na kubaki huko.

Huo mwezi wa pili ndio unaoamua mfumo wako. Meneja anayejijua, au anayejua mkubwa wake, kwamba kwenye mteremko huo atatoa barua za onyo, asijisumbue na OKR. Atumie SMART yenye malengo ya wastani na KPI zenye wapinzani. Si aibu. Mfumo wa kawaida unaoendana na tabia halisi ya ofisi una faida kuliko wa kisasa unaowafundisha watu kuficha.

Nani achukue upi

Timu ya watu watano hadi kumi yenye kazi ya kujirudia, ambayo mshahara au marupurupu yake yamefungwa kwenye utendaji: KPI mbili au nne zilizopangwa kwa jozi, na lengo moja la SMART kwa kila mtu kuhusu jambo analotakiwa kulirekebisha yeye. Hapo inatosha.

Timu changa inayojenga bidhaa au huduma ambayo bado haijui itauzwaje, mathalani watu watatu na programu ya simu: OKR moja, moja tu, na mkutano wa nusu saa kila wiki wa kuuliza namba zimesogea au la. Ikiwa hata kazi yenyewe hawajaijua vizuri, lengo liwe la kujifunza kwanza, kama vile kugundua njia tatu za kuwapata wateja na kujua ipi ina gharama ndogo. Utafiti wa Latham na wenzake umeonyesha kwamba kwenye kazi ngeni na ngumu lengo la namba ya matokeo huwachanganya watu wakaacha kufikiri.

Idara ya serikali au halmashauri: mfumo umeshachaguliwa juu, na hakuna ubishi. Kenya ina mikataba ya utendaji tangu 2004, ilipoanza na mashirika 16 ya umma; Rwanda ina Imihigo, mikataba yake ya utendaji, tangu 2006, mameya wa wilaya wakiweka saini mbele ya Rais. Uhuru wa mkuu wa kitengo uko ndani ya fomu: kupunguza malengo hadi yale yanayobebwa na watu wake kweli, na kukataa kwa adabu yale yanayotegemea bajeti ambayo haijafika.

Shirika linaloishi kwa ruzuku lina tatizo lake peke yake, kwa sababu viashiria huandikwa na mwandishi wa andiko la mradi, kabla hata timu haijaajiriwa. Viripotini hivyo kama mlivyoahidi, halafu jiwekeeni lengo moja la ndani ambalo mfadhili hahusiki nalo.

Na tawi la Mbagala? Ningebakiza KPI nne nilizozitaja, mbili za kwanza zikisomwa pamoja daima, na nisingelipa bonasi ya kukopesha hadi mkopo utimize miezi mitatu ukilipwa vizuri. SMART ningeziacha kwa maofisa wawili ambao mikopo yao imechelewa kupita wenzao, baada ya kukaa na kila mmoja na kitabu chake cha wateja, jina kwa jina. Ile OKR ya wateja kurudi ningeijaribu kwa robo moja, haina hela ndani yake, na ningeueleza uongozi kwa maandishi mapema kwamba 0.6 ni matokeo mazuri. Wakikataa kusaini hilo, ninaiacha. Wakisaini, siianzishi Januari, mwezi wa ada na sare ambapo marejesho husuasua kila mwaka, wala Aprili masika yakiwa yamefunga magenge. Naanza Julai.